Ua Nililokuficha Nyuma ya Tangi

Kabeza, Jumamosi alasiri

Shamimu, mwanangu,

Mama yako amekupeleka kusuka. Mmetoka baada ya chakula cha mchana, na yule msusi wa kwenye kona hana haraka na kichwa cha mtu, kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Bibi yuko kibarazani na cherehani yake, anamalizia pindo la gauni lako la safari. Mimi nimekaa juu ya kitanda chako kwa sababu changu kimejaa nguo zako.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kuitika unapoitwa, wala za kulala na soksi. Hayo Bibi ameyasema wiki nzima mpaka majirani wameyashika. Kesho asubuhi mnapanda basi kwenda Mwanza, ng'ambo ya mpaka, na kabla hujapanda kuna jambo ambalo ni langu mimi kulisema. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu jana. Wewe unanijua. Mdomo ulifunguka, nikakuuliza kama umekula.

Watu hucheka nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza mwezi wa saba, na wewe una tisa. "Kumbe ulimzaa ukiwa shule ya msingi!" Mzee Karoli wa nyumba ya pili hunitania kila akitukuta njiani, na mimi natazama viatu vyangu. Lakini kwetu mtoto wa dada ni mtoto. Mama yako alipokwenda Mwanza kutafuta maisha ulikuwa na miaka miwili, ukahamia mgongoni kwangu. Mimi ulianza kuniita Mama Mdogo. Yeye ulimwita Mama wa Simu, na Alhamisi aliposhuka kwenye basi ulimtazama kuanzia chini kwenda juu, ukasema, "Kumbe una miguu!" Alicheka huku analia. Usiku wote ulilala umeshika kidole chake. Niliona, nikafurahi, na pia sikufurahi. Naandika yote mawili kwa sababu leo nataka kuandika kweli.

Sasa nikurudishe jana.

Mama yako alikuwa anakunja nguo zako, akakwambia kwamba kule nyumbani kwake ana kibustani cha mchicha na mabamia, nawe utamsaidia kumwagilia. Ukamjibu, "Hapana, Mama. Mimi nitaangalia tu. Mkono wangu una moto, mimea ikiguswa na mimi inakufa. Muulize Bibi." Ulisema huku unacheka, kama mtu anayetaja kimo chake. Mama yako akacheka. Bibi naye akacheka, akasema, "Ni kweli, huyu mkono wake si wa shamba." Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye ule upenyo kati ya tangi la maji na ukuta.

Mkono wako hauna moto, Shamimu. Sikiliza nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu sehemu nyingine ulikuwa mdogo na sehemu nyingine nilikuficha.

Ulikuwa na miaka mitano. Bibi alikuwa ameshona mapazia ya mama mmoja wa mtaa wa Kiyovu, tukaenda watatu kuyapeleka. Nyumba ile ilikuwa na bustani mbele, na kando ya ngazi yalisimama maua meupe, makubwa kuliko uso wako, manne juu ya bua moja, na kooni mwake yana rangi ya kijani kidogo. Sisi nyumbani tulikuwa na yale mekundu ya kando ya ukuta ambayo Bibi huyaita maua ya kitunguu, kwa sababu tunguu lake la chini ni kitunguu kitupu ukilitazama. Vitabuni huitwa amarilisi. Meupe nilikuwa sijawahi kuyaona.

Yule mama aliniona ninavyoyatazama. Akaniuliza, "Unapenda maua?"

Nikasema, "Hapana."

Mpaka leo sijui kwa nini. Angenipa tunguu pale pale, alikuwa na sura ya mtu wa kutoa. Lakini mtu akiniuliza kitu ghafla, neno linalotoka kwangu ni lile litakalomaliza mazungumzo upesi. Akaingia ndani na Bibi kupima mapazia, tukabaki sisi wawili kwenye ngazi. Hapo ndipo nikafanya nililolifanya. Shuleni tulikuwa tumesoma habari za chavua, ule unga wa njano ulio kwenye vichwa vya nyuzi za ua. Nikachukua pembe ya mtandio wangu mweupe, nikaipangusa kwenye zile nyuzi mpaka ikawa ya njano, nikaikunja ndani ya ngumi.

Ukasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Mama Mdogo, unaiba unga wa maua?"

Mlinzi wa getini akageuka. Nikatamani ardhi inimeze. Wewe ukamweleza, "Tunapeleka kwetu, ua letu halina." Mlinzi akacheka, akasema, "Mubebe tu, watoto, unga haina kazi hapa." Unaona? Wewe uliomba na ukapewa. Mimi nilikuwa tayari kuiba kitu ambacho watu walikuwa wanakitoa.

Nyumbani ua letu jekundu lilikuwa limechanua tangu siku mbili nyuma. Katikati yake kuna uzi mmoja mrefu kuliko nyingine, na ncha yake ikikomaa hufunguka pande tatu na kuwa na unyevu wa kunata. Nilikubeba, ukaishika ile pembe ya mtandio, ukaipaka kwenye ncha. Ni mkono wako ulioipaka, Shamimu, si wangu. Yangu ilikuwa imekubeba.

Ua likanyauka, na nyuma yake kikavimba kifuko cha kijani chenye pande tatu. Wiki tano ulikuwa unakipapasa kila siku na kuniuliza mtoto anatoka lini. Mwezi wa nne mwishoni kilipasuka chenyewe. Ndani mbegu zilikuwa zimepangwa kama karatasi kwenye daftari, nyeusi, nyembamba, nyepesi kiasi kwamba ulipopiga chafya nusu yake iliruka. Bibi alisema ni mabaki ya gazeti lililoungua. Nilikufundisha kuzipapasa kwa ncha ya kidole: yenye kidonge kidogo katikati ina uhai, isiyo nacho ni ganda tupu. Vidole vyako vilikuwa vyembamba kuliko vyangu na hukukosea hata moja.

Nusu ya kwanza nilizifukia mimi. Nilizizamisha ndani kama maharage, nikazimwagilia asubuhi na jioni kwa sababu niliona kupenda ni kumwagilia. Zilioza zote. Nusu ya pili tulizielesha juu ya maji kwenye sahani ya bati, tukaiweka juu ya meza ya kushonea, na baada ya wiki mbili kila moja ikatoa mzizi mweupe. Wateja wa Bibi walipokuja kupima nguo uliwazuia mlangoni. "Msitikise meza, kuna watoto." Mwanamke mmoja akatafuta watoto chini ya meza.

Tukazipanda juu juu kwenye udongo wenye mchanga. Zikaota ishirini na saba. Miche hii haina maringo, mwanangu. Kwa miezi ni nyasi. Jani moja jembamba, halafu la pili, na mtu ambaye hakuambiwa hawezi kuitofautisha na nyasi ya kando ya mtaro. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Kosa langu jingine lilikuja kiangazi. Nilimwona mtu mmoja kwenye simu akieleza kwamba mimea hii lazima ipumzishwe, inyimwe maji miezi miwili, majani yakauke. Nikafunga maji. Wewe ukawa unalia kwamba zina kiu. Nikakwambia fundi amesema. Sita zilikauka moja kwa moja. Bibi ndiye aliyenishtua. Alinyang'anya simu, akamtazama yule mtu, akaona nyuma yake dirisha limejaa theluji.

"Hadija," akasema, "huyu analala na barafu. Wewe unalala Kabeza. Mpe mtoto maji."

Kweli, mahali pa joto kama kwetu mche mchanga hauhitaji kulala. Unaendelea kukua mwaka mzima ukipata maji kidogo kidogo, ndiyo maana unaweza kutoa ua mapema. Yule mtu hakudanganya, alisema ya kwao. Huko Mwanza watakuwepo watu wa kumwambia mama yako jinsi mtoto wa miaka tisa anavyotakiwa kuwa. Wengine watakuwa wanasema ya kwao. Wewe ndiye uliyejua kwamba zina kiu, na ulikuwa na miaka mitano.

Mvua ziliporudi mwezi wa tisa, jirani alikuwa ameinua ghorofa, na jua la uani kwetu likaishia saa nne asubuhi. Miche ikawa inarefuka na kulala. Ukasema tuitoe nje ya geti, kwenye kile kipande cha udongo kati ya ukuta na mtaro. "Nje jua ni bure." Ulikuwa umeona vizuri. Tukaipanda kwa mstari, ishirini na moja, na baada ya wiki chache ikanyooka. Kila jioni ulitoka na kikombe chako cha mtindi kuinywesha.

Sasa nimefika.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mtaa mzima ulitoka na majembe kama kawaida. Wewe ulikuwa na homa, Bibi amekufungia ndani na mablanketi mawili. Nilikwenda mimi kwa niaba ya nyumba. Kazi ya siku ile ilikuwa kusafisha kando ya mitaro, kuondoa majani yanayoficha mbu. Tulianzia juu tukashuka, na tulipofika kwetu Mzee Karoli alikuwa mbele. Akasimama juu ya mstari wetu.

"Na hii majani ni ya nani? Iko imepangwa kama askari!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake na jembe mkononi. Nilikuwa na sentensi kichwani, naikumbuka mpaka leo: Mzee, hayo ni maua, ni ya mtoto. Maneno saba. Nikafungua mdomo.

"Yewe Hadija," akasema, "ni wewe unarima nyasi? Mbuzi yako iko wapi, sha? Tuletee tuione!"

Wakacheka zaidi, watu ishirini, thelathini, na vijana niliosoma nao walikuwemo. Shamimu, hakuwa na ubaya. Angeambiwa, angeruka mstari ule na kuwapigia kelele wengine wasiuguse, ndivyo alivyo. Hakuambiwa. Nilihisi macho yote yako shingoni kwangu, na nilitaka kitu kimoja tu, wasogee mbele. Nikasema, "Si kitu, mzee. Ni nyasi tu."

Nikainua jembe, nikaikata mwenyewe. Mara tano. Walisogea mbele.

Saa saba homa ilikuachia, ukatoka na kikombe chako. Nakuona mpaka sasa, umesimama na shati la Bibi mpaka magotini, unatazama udongo mtupu. Ukauliza, "Nani amezikata?" Nami nikakujibu, na haya ndiyo maneno niliyosema, sijayasahau: "Si wewe uliyetaka zipandwe nje? Unaona sasa."

Sikusema uongo wa moja kwa moja. Nilichagua kweli moja ndogo, nikaiweka juu ya kichwa chako, na ile kubwa nikabaki nayo. Ulimwaga maji ya kikombe pale pale kwenye mtaro, ukaingia ndani. Bibi alipokuona unalia akauliza kumetokea nini, ukasema, "Nimeua maua." Ulisema wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni. Bibi, kwa kukubembeleza, akakushika kiganja akasema, "Ah, basi huu mkono una moto, tutaupeleka jikoni ukatusaidie kuchemsha chai." Ukacheka. Nami nikashukuru kwamba umecheka, nikaona yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu siku ile hukumwagilia tena hata vile vitunguu vya majani kwenye kopo la dirishani. Shuleni mlipoambiwa kila mtoto apande mti, ulimpa rafiki yako aupande wako. Likawa neno la utani la nyumba hii: usimpe Shamimu ashike, mkono wake una moto. Limesemwa mbele yangu mara ngapi? Na kila mara nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila mara nilitazama viatu.

Watu wananisifu kwa ukimya. "Hadija ana heshima, hana maneno." Bibi anajivunia. Nimekuwa nikiamini kwamba mtu asiyesema hawezi kumuumiza mtu. Lakini mimi nimekuumiza kwa kukaa kimya kuliko alivyowahi kukuumiza mtu yeyote kwa matusi, na nilifanya hivyo polepole, miaka karibu mitatu, kwa sauti ya chini, huku nakuchana nywele.

Kuna la zaidi. Hili ndilo linalonitia aibu kuliko jembe.

Kesho yake, Jumapili, yale majani yalikuwa bado lundo kando ya mtaro. Nilijifanya naenda kutupa takataka, nikachimbua kwa mikono pale penye mstari wetu. Nyingi zilikuwa zimekatika vibaya. Tatu zilikuwa nzima chini, matunguu yenyewe madogo kama haragwe, meupe, jembe limepita juu yake na kuchukua majani tu. Mmea huu ukikatwa majani haufi, kama chini pamebaki. Nilikata dumu la mafuta ya kupikia katikati, nikatoboa chini, nikazipanda shingo zikiwa nje ya udongo, nikaficha dumu nyuma ya tangi.

Ningeweza kukuita siku ile ile. Ungeruka mpaka juu ya bati. Lakini ungeuliza: umezipata wapi, ulijuaje zimebaki pale, nani alikata. Wewe huishiwi maswali. Kwa hiyo nikakwambia nyuma ya tangi kuna nyuki. Na kweli walikuwepo wakati mmoja, walitua wiki moja wakaenda zao. Niliwabakiza kwa maneno. Bibi kwa magoti yake hapiti upenyo ule. Nikawa na mahali pangu.

Nitakuambia na hili: nilipapenda. Nyumba yetu ni ndogo, kitanda chako kiko karibu na changu, nguo zangu unazivaa, na pale nyuma ya tangi palikuwa na kitu ambacho ni mimi peke yangu ninayekijua. Kadiri miaka ilivyokwenda ilikuwa kama kwamba yalikuwa maua yangu tangu zamani. Mtu akificha kosa muda mrefu anaweza kuanza kulimwagilia.

Moja lililiwa na viwavi, wale weusi wenye mistari ya njano, wanaingia ndani ya jani na kula mpaka kwenye tunguu. Niliwaona nimechelewa. Yamebaki mawili. Moja sasa ni kubwa kama ngumi yako na bado halijatoa kitu. La pili ni kubwa kama ngumi yangu.

Wiki mbili zilizopita, mvua za kwanza zilipopiga, kutoka ubavuni mwa hilo la pili kulichomoza kitu. Nilidhani ni jani. Lakini jani huja bapa, hiki kilikuja na kichwa, kama mdomo wa bata. Ni bua la ua, Shamimu. Miaka mitatu na miezi kadhaa tangu sahani ya bati. Limepanda mpaka sasa linazidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, na juu yake liko tumba, limefungwa na ganda la kijani. Jana nilipokimbilia kule baada ya maneno yako niliona ganda limepasuka upande mmoja. Nikachungulia. Ndani mna rangi, lakini sijui kama ni nyekundu au ni kivuli tu. Mbegu ya maua haya haifanani na mama yake wala na baba yake, ndiyo raha yake. Mekundu ya Bibi na meupe ya Kiyovu, hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona litakalotoka.

Litafunguka baada ya siku tano, au wiki. Wewe unaondoka kesho.

Hilo ndilo nimekunyang'anya kwa kukaa kimya, na siwezi kulirudisha kwa barua. Ningesema mwaka jana ungelimwagilia mwenyewe. Ningesema wiki mbili zilizopita ungelipima kila asubuhi kwa rula yako, na majirani wote wangekuwa wanajua limefika sentimita ngapi.

Nimefikiri njia mbili tu.

Ya kwanza, libaki. Litachanua hapa, nitalipiga picha na kuituma kwa simu ya mama yako, na nikilipaka unga litatoa kifuko, na mbegu zake nitakuwekea ndani ya bahasha. Hizo utazipanda ukija likizo, mwezi wa kumi na mbili au hata mwaka unaofuata.

Ya pili, likatwe leo. Bua la ua hili lina uwazi ndani kama mrija. Ukilikata kwa kisu kikali chini kabisa, ukaligeuza kichwa chini, ukalijaza maji, ukaziba tundu kwa pamba na kufunga mpira mwisho wake lisipasuke, linaweza kusafiri. Linakunywa maji yake lenyewe njiani. Ukifika unalisimamisha kwenye chupa, na litafunguka Mwanza, mbele yako, kwenye nyumba ambayo bado huijui. Mimi sitaliona, na mbegu hazitakuwepo mwaka huu.

Sitachagua. Nimekwisha kuchagua mara nyingi mno kwa niaba yako bila kukuambia.

Nimechukua kile kisu kidogo cha Bibi, nimekinoa kwenye ngazi. Nimechukua pamba aliyobakiza kwenye mabega ya koti la mteja, na mpira mmoja wa nywele zako, ule wa bluu. Nimeviweka vyote juu ya kifuniko cha ndoo karibu na tangi, pamoja na kikombe cha mtindi. Kikombe kile kile. Hukuniuliza kilikwenda wapi, na mimi ndicho nilichokuwa namwagilia nacho.

Na barua hii sitaiweka chini ya nguo zako kama nilivyopanga asubuhi. Ningeiweka, ungeisoma ukiwa mbali, na kwa mara nyingine ningekuwa nimesema bila kuonekana. Nitakusomea mwenyewe, kwa sauti, na Bibi nitamwomba aache cherehani asikie, kwa sababu na yeye ameamini kuhusu mkono wako, na mama yako pia asikie, maana ndiye atakayekupa kopo la kumwagilia. Nikifika pale penye jembe huenda sauti ikakatika. Usinisaidie. Nitaendelea.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa sauti, kama unavyojua wewe. Usijifunze kwangu kukasirika kimya. Na ukifika huko, wiki za kwanza usipohisi kitu, huna furaha wala huzuni, usiogope. Miche yetu tulipoihamisha ilikaa wiki tatu haitoi jani, tukadhani imekufa. Uliuvuta mmoja kidogo kuutazama, nao ukakataa kutoka. Ulikuwa umeshika chini.

Keshokutwa kukikucha utakuwa umeondoka, na mimi nitaamka nikutafute kitandani kabla sijakumbuka. Hilo ni langu, usilibebe.

Nasikia geti. Nasikia na sauti yako, unamwonyesha Mzee Karoli nywele, naye anakuuliza kama huko Mwanza wanaruhusu mtu mwenye kichwa kikubwa hivyo kuvuka mpaka. Unamjibu. Yeye ndiye anayecheka sana.

Vua viatu, mwanangu, mpe Bibi salamu, kisha njoo nyuma ya tangi. Nyuki waliondoka zamani.

Mama Mdogo wako,
Hadija